Picha ya Mume wa Fundi

Nina mgeni haombi maji wala kiti, lakini akishaingia humla mwenye nyumba. Ukishindwa kutegua, muulize fundi cherehani wa chumba cha mwisho, mke wa mpaka rangi. Wivu ulimkalia kifuani tangu msusi alipohamia chumba cha jirani.

Kosa la msusi lilikuwa kicheko. Mpaka rangi akirudi kazini na madoa hadi kwenye kope, msusi humtania, "Shemeji, leo ukuta ndio umekupaka wewe?" Mume wa watu atacheka hadi aegemee mlango. Kwake hacheki hivyo. Kwake husema, "Asante kwa chakula, mama," kisha huyo, usingizini. Basi fundi akaacha kumsalimia jirani. Msusi akipita, cherehani huongezwa mbio ili "hujambo" isisikike.

Asubuhi moja alikuwa anashona pindo la gauni, simu ikalia. Ujumbe wa wifi yake, na kando ya jina picha yake ileile ya kilemba: "Dada mpendwa, huyu kwenye picha si mumeo? Na huyo mwanamke ni nani? Bonyeza hapa uone."

Mguu ukaganda kwenye pedali. Hakujiuliza wifi ameanza lini kumwita dada mpendwa, maana siku zote humwita "mke wetu", tena huanza kwa kuomba vitambaa. Alichokiona ni mlango wa msusi tu. Akabonyeza. Ukurasa ukataka namba yake ya simu, kisha tarakimu za siri ambazo angetumiwa. Zikaja, na chini yake imeandikwa: usimpe mtu yeyote. Aliyasoma maneno hayo. Lakini mwenye wivu husoma kwa jicho moja, la pili liko kwa jirani. Akaziandika.

Picha haikufunguka. Akaunti yake ya ujumbe ndiyo iliyofungwa mbele ya macho yake, na wateja wote ndani, na vipimo vyao na mitindo waliyomtumia. Hata pindo hajalirudia, mteja akampigia.

"Fundi, mume wangu kafanya nini? Mbona picha yako haifunguki?"

"Usiiguse, mama. Si mimi niliyeituma."

Akakaa chini. Jina lake lilikuwa linapita nyumba hadi nyumba likiwagombanisha watu na waume zao. Nani atamletea tena kitambaa?

Mlango ukagongwa. Msusi, kitana kimechomekwa nywelani, simu mkononi.

"Umeniita dada mpendwa," akasema. "Wewe, ambaye tangu nihamie hapa salamu yangu inaishia kwenye cherehani. Nikajua fundi wetu kaibiwa. Tarakimu uliwapa?"

"Niliwapa."

"Na unaniuliza kama huyo kwenye picha ni mume wangu. Mume ninaye wapi, jamani? Lete simu, kabla hawajatia kufuli lao."

Wakaingiza namba upya. Tarakimu nyingine zikaja, na safari hii fundi akazifunika kwa kiganja.

"Hivyo hivyo," msusi akacheka. "Hata mimi usinionyeshe."

Akaunti ikarudi. Wakaiwekea neno la siri, kisha fundi akawapigia wateja, mmoja mmoja, wamsikie kwa sauti yake. Wifi naye alipopigiwa alikuwa analia: "Mke wetu, hata mimi wameniibia."

Kazi ilipokwisha, fundi hakumruhusu msusi aondoke.

"Kwa hiyo picha hakuna?"

"Ya mumeo na nani?"

Fundi akaitazama sindano. "Na wewe."

Safari hii msusi hakucheka. "Kila nikimtania, mumeo hujibu neno moja: ngoja nikamwambie mke wangu. Hakwambii?"

"Akifika analala."

"Basi muulize kabla hajalala."

Jioni mpaka rangi aliwakuta wawili kwenye kizingiti kimoja, wanachambua vifungo vya gauni. Akasimama na ndoo yake.

"Leo nimekosea nyumba?"

"Hujakosea," mkewe akasema. "Kaa hapa, unieleze alivyokutania jana."

Akaketi, akaanza kucheka kabla ya kusimulia. Fundi naye akacheka, ila jicho lake moja lilikuwa linaangalia uso wa mumewe utamgeukia nani kwanza.