Ukoka wa Kigongo

Mzee Revocatus alipolazwa hospitali kwa ajili ya mguu, binti yake Evelina akaamua kumfurahisha. Hakutumwa na mtu. Kilikuwa kiherehere chake mwenyewe, na mpaka leo hana wa kumlaumu.

Mbele ya nyumba yao ya Kisesa kulikuwa na ukoka. Mzee aliuchimba pale Kigongo enzi za kivuko, kabla watu hawajaanza kupita darajani, alipokuwa akifunga kamba za feri. Aliuleta kwenye gunia akaupanda pingili kwa pingili. Ulikuwa mwembamba, mgumu, wenye mabaka, na kila jioni Mzee alivua viatu akaukanyaga taratibu. Evelina, karani wa mjini aliyezoea kuchungulia bustani za matajiri wa Capri Point, aliuona ni chakula cha mbuzi tu.

Akaita vibarua, wakaung'oa wote na kupanda pemba, yale majani mapana na laini. Bernadeta, mwenye kitalu, alimuuliza kama uwanja una kivuli, maana pemba haipendi jua kali. Evelina akajibu kipo. Kivuli chenyewe kilikuwa cha mpapai mmoja.

Mzee aliporudi alisimama getini na mkongojo wake, akatazama kwa muda mrefu.

"Umefanya kazi, mama," akasema. "Asante."

Evelina alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Hakuona kwamba baba yake hakuvua viatu.

Ukoka haufi kirahisi. Ulichomoza hapa na pale katikati ya pemba, na Evelina akaufuata na kisu kama mtu anayesaka wezi. Kiangazi kilipoingia akanunua mashine ya kukatia majani, akaishusha hadi chini kabisa ili bustani ilale kama zulia.

"Usikate chini hivyo," baba yake alimwambia. "Jua litaunguza mizizi."

"Baba, wewe pumzika tu."

Basi Mzee akapumzika. Alishikilia jambo moja tu, kwamba kiti chake cha chuma kilichosukwa kwa mipira, alichokalia pale uwanjani, kisiguswe.

"Hapa zungukia, mama. Mgongo wangu umeshapazoea."

Na kila aliponawishwa mikono kabla ya ugali, alilizuia beseni. "Liache, nitamwaga mwenyewe." Evelina alisema moyoni kwamba uzee una ukaidi wake, akazungusha mashine huku akinung'unika.

Pemba ikaungua. Uwanja mzima ukawa rangi ya mabua, na maji aliyomwagilia asubuhi na jioni hayakusaidia kitu. Kwa aibu, Evelina hakuligusia jambo hilo. Mzee naye hakusema neno, na hapo ndipo panapomuuma zaidi. Laiti angemgombeza siku moja, naye angeomba radhi, wangecheka, yakaisha.

Mzee alifariki kabla ya mvua. Watu wa msiba walikanyaga yale majani makavu yakageuka vumbi, ila kiti chake hakuna aliyekikalia. Turubai liliposhushwa na jamaa wa Misungwi wakaondoka, Evelina alikwenda kukiingiza ndani.

Alikiinua, akatazama chini.

Chini yake ulikuwepo ukoka, mzima, wa kijani, umejishikilia kwenye mguu wa nyuma wa kiti. Jua lilikuwa likiupata kupitia kwenye mipira, maji ya kunawa yakiunywesha, na mashine ikiuzunguka kila wiki. Baba yake alikuwa akiuficha. Mtu mzima, kwenye uwanja wake mwenyewe, akificha majani yake kwa kumwogopa mwanawe, au kwa kumhurumia. Evelina hakujua lipi kati ya hayo lilikuwa baya zaidi.

"Eve, mbona umesimama na kiti?" shangazi yake Modesta aliuliza kutoka barazani.

Evelina alikiweka kiti pembeni, akavua ndala, akaukanyaga ule ukoka taratibu.

Ulitosha mguu mmoja tu.