Mazishi ya Mama Kishindo

Kuua ilikuwa kazi ya Wechuli, na aliifanya vizuri. Kila Ijumaa, kwenye ukurasa wa nyuma wa gazeti moja la wiki linalouzwa Kisumu, alimuua mwanamke wa katuni aitwaye Mama Kishindo. Mara kiboko amemkalia, mama amebaki bapa kama chapati. Mara mtungi wa gesi umemrusha hadi ng'ambo ya ziwa, meno mbele, viatu nyuma. Wiki iliyofuata mama huyo alikuwa mzima, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, mikono kiunoni, akitafuta wa kugombana naye. Wasomaji walicheka mpaka wakashika mbavu, na Wechuli hakuwahi kukosa usingizi kwa sababu ya mauaji hayo.

Shida ilianza alipotaka kuoa.

Sheryl, msichana wa Katito aliyekutana naye Nyamasaria, alimwonyesha picha ya mama yake kwenye simu. Wechuli akaisogeza simu karibu na macho. Kitambaa ni kile kile, na mikono iko pale pale kiunoni. Wechuli hakuwa amemwona mama huyo maishani, lakini nani angemwamini? Kwao Bungoma, mtu hucheza na moto kabla ya kumchezea mama mkwe. Ukimwona njiani unachepuka na kuingia kwenye mahindi. Na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amemkalisha kiboko juu yake!

Basi akaamua kuwa mtu wa heshima. Ijumaa ya mwisho kabla ya kwenda kujitambulisha, alimstaafisha Mama Kishindo. Hakutaka tena viboko wala mitungi ya gesi. Alimchorea mazishi ya kistaarabu: hema, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama, maua juu ya kaburi na maneno "Pumzika kwa amani". Alipomaliza alijipongeza kabisa.

Gazeti likatoka, na kesho yake alikuwa Katito, amevaa suti, akisindikizwa na binamu yake Mukhwana. Ilikuwa siku ya ayie, ziara ambayo mwanamume huenda kusikia kama mama wa msichana amekubali. Mama asipokubali, mnakunywa soda zenu na kurudi mlikotoka. Kwa heshima, mama mwenyewe, Milka, hakuketi nao. Alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na maneno yake yalipitia kwa Seline, shangazi yake Sheryl, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Chakula kilipoliwa, Seline alitoka chumbani na gazeti mkononi. Uso wake haukuwa na mchezo.

"Bwana Wechuli. Mama anauliza kama hii ni kazi yako."

"Ni yangu, Mama." Angekataaje, na jina lake lilikuwa pale chini? Akaanza kuomba radhi haraka haraka, ya kiboko kwanza, halafu ya mtungi wa gesi.

"Nyamaza kidogo. Hiyo ya kiboko ameikata akaiweka kwa ukuta ya jikoni. Anasema huyo mama ni yeye kabisa. Kila Ijumaa anatuma mtu stage ya matatu amletee gazeti." Seline akafungua ukurasa wa nyuma. "Shida ni hii. Anauliza, amekukosea nini ndio umzike?"

Wechuli aliutazama ukurasa ule. "Nilitaka kumheshimu," akasema.

"Heshima gani hiyo, yawa! Hapa tumezika Mzee Ondiek, baba ya Sheryl, mwaka jana. Hema ilikuwa kama hii, viti kama hizi. Mzee Ondiek hakuamka wiki iliyofuata. Hizo zingine zote ni mchezo, Bwana. Hii ni kifo. Na Mama anasema mtu mwenye amemzika, yeye hawezi kumpa msichana."

Mukhwana akainamia viatu vyake. Sheryl, aliyesimama mlangoni na trei ya glasi, alikuwa analengwa na machozi. Wechuli akaogopa kweli kweli, kwa sababu alimpenda msichana huyo na sasa alimwona akimponyoka. Lakini mkono wake ulikuwa na akili kuliko kichwa. Akachomoa kalamu mfukoni na kuomba karatasi.

Alichora jeneza likilipuka. Kifuniko kikaruka na kumtwanga mchoraji mwenyewe, na suti yake na tai yake, kikampigilia ardhini kama msumari, zikabaki nywele tu juu ya udongo. Kwaya ilitimua mbio, viti vikapepea. Katikati ya vumbi alisimama Mama Kishindo, mikono kiunoni. Seline akaichukua karatasi, akapotea nayo nyuma ya pazia.

Halafu kicheko kikapasuka huko ndani, kicheko cha mwanamke asiyejua kuona haya, mpaka kitanda kikalia. "Uwi! Amejiua mwenyewe!"

Seline alirudi akifuta macho. "Amekubali," akasema. Sheryl nusura aangushe glasi. Mukhwana akapiga makofi, na Wechuli akashusha pumzi ambayo alikuwa ameizuia tangu chakula.

"Lakini ana neno moja," Seline akaongeza, kisha akasita, akageukia pazia.

Ikabidi Milka aseme mwenyewe. Sauti yake ilitoka chini chini, bila kupitia kwa mtu, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia siku hiyo.

"Kijana. Mzee wangu pia unaweza?"

Wechuli alielewa. Alivuta karatasi nyingine, akaiweka juu ya goti.

"Naweza, Mama. Alikuwa anakaa aje?"

"Mrefu. Suruali haifiki kwa viatu. Anatembea ameinama kama mtu ameangusha kitu. Usimchore hospitali. Huko watu hawaamki. Wacha ng'ombe dume ya jirani yetu Absalom imrushe juu ya mabati. Hiyo ng'ombe mzee aliiogopa sana."

"Halafu, Mama?"

"Halafu aamke, ajipanguse vumbi, aulize chakula iko wapi."