Nyeusi Haipungui

Bi Maryamu, mpiga picha wa mtaa wa Masuguru mjini Korogwe, husema kwamba kutoka Handeni mpaka Korogwe hakuna anayemshinda kwa rangi za picha. Akishasema hivyo hunywa chai funda moja, kisha huongeza kwamba wenye printa kubwa anaowajua ni wawili tu, na yule mwenzake ana mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, alikuwa ameshakata karatasi ya roli na kuifuta mashine vumbi, printa ikagoma. Kioo chake kiliandika kwamba katriji nyeusi haitambuliki. Bi Maryamu akaizima, akaiwasha, akaipiga kofi la ubavuni, akasoma Bismillahi. Katriji haikutambulika. Akampigia simu Aliraza, ambaye duka la baba yake karibu na stendi huuza karatasi, wino na madaftari, na yeye mwenyewe ndiye fundi wa kila mashine inayotema karatasi pale mjini.

"Shikamoo, Mama Ikram."

"Marahaba, baba. Imegoma tena."

Aliraza akaja, akaichomoa katriji, akaipima uzito kiganjani kama mtu anayenunua papai.

"Hii nilikuuzia mwezi wa Shaabani."

"Na imefanya kazi kila siku."

"Imejaa kuliko nilivyokuuzia."

"Hilo naliona."

"Sasa chipu yake inajua kuhesabu kushuka tu, Mama. Ikikuta wino umepanda, inadhani kuna wizi."

"Mimi nikaibe wino mweusi niupeleke wapi? Niuungie mchicha?"

Aliraza akauliza kama huwa anawang'arisha wateja.

"Nani hawang'arishi?"

"Basi ndiyo hiyo. Unachomtoa mtu usoni lazima kiende mahali. Wapiga picha wa Mombo wana tatizo hilohilo."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile anayoelezea vumbi kwenye feni, na Bi Maryamu akaona ni sawa. Wateja wake wote huomba kitu kimoja kwa majina tofauti. Wengine husema nitoe kidogo. Wengine husema ning'arishe. Walio wengi husema nisafishe, na hapo wametoka kuoga. Bi Maryamu huvuta mshale kwenye kompyuta kwenda kulia, uso unakuwa kama chai iliyoongezwa maziwa, na mteja anatabasamu. Kwa miaka sita ni mtu mmoja tu, Lukasi muuza mkaa, aliyeomba aongezwe weusi, mkewe asije akadhani ameacha kazi. Siku ile wino ulishuka.

Aliraza akakaa kwenye benchi la wateja, akamweleza njia zilizopo. Angeweza kubaki na katriji za kiwandani, ambazo rangi yake ni ya uhakika, ila zimezibwa na haziwezi kupokea. Angeweza kuchukua zile za kujaza kwa bomba la sindano, zenye kizibo cha mpira juu. Hizo ni nafuu, lakini kule Mombo kizibo cha nyeusi kiliruka siku ya picha za mahafali, kikampata mwalimu mkuu. Au angeweza kufunga matangi ya nje: chupa kubwa zinakaa pembeni ya mashine, na mipira myembamba inapeleka wino ndani.

"Haya ya nje yanapokea na kutoa," alisema Aliraza. "Nyeusi ikipanda, unafungua koki, unapunguza."

"Na wino wenyewe?"

"Ule wa maji unang'aa sana, ila ukutani penye jua mwaka hauishi, bibi harusi anabaki kijani. Ule wa chembe unadumu, lakini ukiuacha siku mbili tatu bila kuchapisha unaziba kichwa cha mashine. Wewe chukua wa chembe. Huna siku unayolala."

"Na nyeusi?"

"Nyeusi usinunue. Unayo."

Bi Maryamu akachukua matangi ya nje na wino wa chembe, wa rangi zote isipokuwa moja. Watu wa Masuguru walipoona ile mipira wakaiita dripu, na wakipita dirishani wakawa wanauliza mgonjwa kaamkaje.

Wiki za mwanzo alikuwa akikinga nyeusi yote kwenye ndoo. Baadaye akagundua kwamba haifanani. Ya watu wengine ina wekundu ndani yake kama udongo wa Makuyuni, ya wengine ina ubluu, nyingine inametameta kama mgongo wa kunguru. Hakuona vizuri kuichanganya. Akaanza kuikinga kwenye chupa za soda, kila chupa na jina juu ya kipande cha plasta, akazipanga kwenye rafu nyuma ya pazia la kupigia picha. Akawapigia simu wenyewe waje wachukue mali yao. Waliitikia kwa heshima, wakasema watapitia wiki ijayo.

Hawakupita. Basi akawa anaitumia taratibu kwa nywele, kwa makoti, kwa mabuibui, kwa mboni za marehemu. Ile nyeusi haikupauka. Mvua iliipiga, jua likaipiga, ikabaki vilevile. Wasuka mikeka wa Handeni walipata habari wakaja na madumu, wakatia ukindu rangi, wakasema haijapata kutokea nyeusi inayoshika namna hii. Ikawa watu wa Handeni wanakaa na kula juu ya kile wenzao walichoomba kitolewe usoni, na mikeka ikasifiwa.

Sasa, siku hizi kwa watu wa upande huo picha ya bibi harusi humtangulia. Hutengenezwa kubwa, urefu wa mita nzima, ikatundikwa sebuleni kwa wakwe kabla mwenyewe hajafika, ukuta umzoee. Ndiyo sababu Alhamisi moja Hafsa wa Makuyuni, anayefundisha chekechea na aliyeposwa Handeni, alikuja kupigwa picha akiwa amevaa gauni la hudhurungi. Alikuwa mweusi wa kutulia, mwanzo hadi mwisho rangi moja. Bi Maryamu alipomtoa kwenye kompyuta alitafuta cha kurekebisha, akakosa.

"Bibi," alisema Hafsa, "mimi usinisafishe."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe. Nitakaa chini ya hiyo picha miaka arobaini, nikipika, nikilea, nikinuna. Kila mgeni atatazama ukutani, halafu anitazame mimi. Sitaki kwenda kwa mume na mke mwenza niliyejichapishia mwenyewe."

Bi Maryamu alicheka mpaka miwani ikateleza. Akaahidi. Na aliahidi kwa moyo mmoja, hilo ni haki yake lisemwe.

Saa nane mchana akaja mama yake Hafsa, Bi Shida, akiwa na kikapu cha mapera ya Vugiri. Akakiweka juu ya meza, akatazama kompyuta, akashusha pumzi.

"Dada, utampunguza kidogo."

"Kasema asiguswe."

"Yeye mtoto, anajua nini? Juzi shangazi zake bwana harusi walikuja kumwona. Mmoja kasema binti ana adabu, ila. Akaishia hapo. Ile 'ila' haijaniacha nilale mpaka leo."

"Na huyo bwana harusi, Mustafa, yeye ana rangi gani?"

"Mweusi kama Hafsa, labda kumzidi. Lakini yeye mwanamume."

Bi Maryamu akala pera moja. Lilikuwa zuri.

"Picha ikifika vile ilivyo, ile 'ila' itaota mguu," alisema Bi Shida. "Watatafuta sababu nyingine, watasema nyota hazikupatana. Mahari itarudi, na mwanangu atakuwa yule aliyerudishiwa. Kidogo tu, dada. Kama unavyowafanyia wote."

Alipoondoka, Bi Maryamu alikaa mbele ya kompyuta mpaka chai ikaganda utando juu. Alimtazama yule binti, na yule binti akamtazama. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na alijua. Alijua pia sebule za watu. Akashika mshale, akajiambia kidogo, nusu ya kidogo, na mkono wake uliozoea ukaenda palepale unapokwenda siku zote.

Printa ikafanya kazi kwa dakika arobaini, bila kukwama. Nyeusi ikapanda kwenye tangi. Alipofungua koki chupa ya soda ilijaa mpaka shingoni, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa uso mmoja. Akaifunga, akaipanga pamoja na nyingine. Kipande cha plasta alikibandika, ila jina hakuandika. Kwenye karatasi alikuwa ametokea msichana mzuri, mtulivu, ambaye Korogwe nzima hakuna anayemjua.

Picha ikapelekwa Handeni kwa basi, imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Jioni yake shangazi akapiga simu kwa Bi Shida, akasema alhamdulillahi, na neno 'ila' halikutajwa. Tarehe ya ndoa ikawekwa.

Jumatatu iliyofuata Hafsa akaingia studio. Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja anayesubiri zamu, naye alikuwa anasema, "Mimi nisafishe kidogo tu, si sana, nionekane nimenawa." Hafsa akamwamkia, akamwamkia na Bi Maryamu, akatoa simu.

"Mustafa kanitumia picha ya sebuleni kwao. Kwenye ukuta kuna mtu."

"Si ndiye wewe."

"Ulinigusa, Bibi?"

"Mimi? Sikukugusa. Kwao wameweka taa zile nyeupe, taa zile zinamtoa rangi hata mbuzi."

Hafsa alilisogeza pazia, akatazama rafu, akisoma majina moja moja kwa sauti ya chini kama anaita mahudhurio ya watoto wake. Akaishia kwenye chupa isiyo na jina.

"Hii ya nani?"

"Hiyo? Ya Mwalimu Isihaka. Nilisahau kuandika, kalamu iliisha wino."

Hafsa akaifungua. Akaushika mkono wa Bi Maryamu kwa upole, kama unavyoshika mkono wa mtu mzima kumvusha mtaro, akachovya ncha ya kidole cha shahada cha mkono huo ndani ya chupa. Kidole kikatoka na kofia nyeusi, safi, yenye mpaka. Kisha akachovya chake mwenyewe, akakizamisha mpaka kiungo cha pili, akakitoa, akakiinua penye mwanga wa dirisha.

Hakikuwa na kitu. Kililowa, tone likaning'inia kwenye ukucha, likadondoka sakafuni na kuacha doa. Lakini kwenye ngozi wino haukuonekana ulipoanzia wala ulipoishia.

Yule mama wa kwenye benchi alitazama, kisha akauliza kama zamu yake bado.

Hafsa akarudisha kizibo, akakikaza, akaiweka chupa ndani ya mkoba wake.

"Nitamfikishia Mwalimu Isihaka," alisema. "Anakaa wapi?"

Bi Maryamu alifungua mdomo ataje mtaa, na kidole chake cha shahada, ambacho alikuwa anakisugua kwa nguvu kwenye kanga, kilikuwa bado cheusi.