Kikohozi cha Maalim Shuaibu

Ashrafu alijulikana Bagamoyo nzima kwa kichwa chake. Alichokisikia mara mbili kilikuwa chake: tangazo la mnadani, hotuba ya mgombea, ugomvi wa majirani, maneno na mapozi yake humo humo. Ubaya ni kwamba alishika kama simu inavyorekodi. Mbwa akibweka katikati, naye anashikwa. Shuleni alimeza kurasa nzima za baiolojia, mtihani ukageuza swali kidogo tu, akarudi nyumbani na sifuri iliyonona.

Kichwa hichohicho ndicho alichokitaka babu yake, Mzee Msabaha, alipoanza kushinda kitandani.

"Kinabeba kila upuuzi," alimwambia. "Kibebeshe na talkini. Nikizikwa unisomee wewe, kwa moyo. Sitaki mtu anitolee simu kaburini kama ananunua umeme wa luku."

"Babu, juzi pweza amekushinda kutafuna. Kufa utakuweza wapi?"

"Nakwambia jambo, unaniletea pweza."

Ashrafu aliahidi. Talkini si fupi: ni maneno marefu ya Kiarabu anayosomewa maiti akishafukiwa, anaitwa kwa jina na kukumbushwa majibu ya kuwapa malaika. Maalim Shuaibu wa msikitini alimrushia kwa simu sauti yake mwenyewe, aliyorekodiwa akisoma kwenye maziko fulani huko Kerege. Kila siku Ashrafu akasema kesho. Babu akafariki alfajiri, na ile sauti haijaguswa.

Maziko yalipangwa baada ya Alasiri. Ashrafu alijibanza nyuma ya nyumba, wanawake wakimenya vitunguu upande wa pili, akajichomeka spika za masikioni. Kipande kimoja, anakirudia. Kipande cha pili, anakiunga na cha kwanza. Kulia alitaka, ila kilio kingemtoa kwenye mstari. Ilipoadhiniwa Adhuhuri alikuwa amefika mwisho.

"Umeshika?" Maalim Shuaibu alimuuliza msikitini, Alasiri ilipokwisha kuswaliwa.

"Yote, maalim."

"Hebu nisomee."

Lakini watu walikuwa wameshainuka kwenda kulibeba jeneza. Ashrafu alishukuru, akawafuata.

Makaburini, udongo ulipokwisha kusawazishwa, alichuchumaa upande wa kichwani. Akaanza. Maneno yakatiririka, na mivuto yote ya Maalim. Alipofika pale Maalim alipokohoa kule Kerege, naye akakohoa. Mara mbili, kikavu.

Maalim aliinua macho. Ami Issa, mtoto wa mwisho wa marehemu, aliuma mdomo kuzuia kicheko, mabega yakamtikisika.

"Yaa Majaliwa bin Mwanamvua," Ashrafu akaita.

Mabega ya Issa yakatulia. Majaliwa ndiye aliyezikwa Kerege.

"Huyu ni Msabaha," Maalim alimnong'oneza. "Rudia. Msabaha bin nani?"

Kwenye talkini mtu huitwa kwa mama yake. Ashrafu akamtazama Issa, Issa akamtazama jirani yake. Mama wa mzee alikufa zamani sana, hapo hakuna aliyemdiriki. Labda Bibi Hajra, mjane wake, alimjua, naye yuko nyumbani na wanawake. Issa akapeleka mkono kwenye mfuko wa kanzu.

"Si simu, ami," Ashrafu alisema. "Alikataa."

"Asipojulikana mama, sema bin Hawa," Maalim akasema. "Sote wa Hawa."

Huko chini babu ameshasikia anaitwa mtu mwingine, sasa aitwe kama yeyote tu? Alifumba macho. Maneno ya kwenye simu aliyaacha, akaitafuta sauti ya mzee. Akaipata kwenye soko la samaki, mzee kashika changu kwa mkia, anamfokea mchuuzi: *Mimi mwana wa Maulida! Hunipi samaki wa jana.* Mara ngapi Ashrafu alimwigiza barazani, watu wakashika mbavu?

"Yaa Msabaha bin Maulida."

Ilitoka kwa sauti ya babu mwenyewe, yenye mkwaruzo, ikiburuta mwishoni. Mzee mmoja aliyekuwa ameweka kiganja kwenye udongo akakiondoa. Kuanzia hapo sauti ya Maalim haikumrudia tena Ashrafu. Uzi ulikatika. Maalim ilibidi amlishe neno kwa neno, kama mtoto wa chuo cha Kurani, mpaka mwisho.

Njiani Issa alimshika bega. "Habari ya Majaliwa tumeizika kulekule. Bibi yako asiisikie."

"Na ile sauti?"

"Hiyo zaidi."

Bibi Hajra alikuwa chumbani, amekaa mkekani, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umemsomea?"

"Nimemsomea."

"Umemwita kwa mama yake?"

"Msabaha bin Maulida."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Tangu mwanzo lakini? Maana namjua. Ukimwita jina si lake haitiki, anageukia ukutani. Hata uje umbembeleze."

Ashrafu, aliyekuwa na maneno ya kila mtu mjini, alifungua mdomo. Kilichotoka ni kikohozi, mara mbili, kikavu, na hata hicho hakikuwa chake.