Malalamiko ya Rhealyn

Lola Basilia, lola kwa lugha ya kwao ndiyo bibi, alijua serikali inakuja saa nzima kabla haijafika, kwa sababu diwani wa mtaa ule hana kifua. Alimkuta bibi huyo kwenye beseni la nguo, akamwaga yote: kuna mtu amepiga simu ofisi ya ustawi wa jamii, kasema mjukuu wake anapigwa kila siku saa kumi jioni na kulazwa njaa. Afisa yuko njiani. Akiona hatari, anaondoka na mtoto leo leo.

Lola Basilia alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. Saa kumi jioni Rhealyn, mwenye miaka tisa, hufanya mazoezi ya mashindano ya kughani. Shule za kwao zina ugonjwa wao: mtoto hapewi zawadi mpaka awalize majaji. Safari hii alipewa kisa cha yatima anayeteswa na shangazi yake, na mwalimu akasisitiza sauti ifike benchi la mwisho. Sauti ilifika benchi la mwisho, ikapenya ukuta wa mbao, ikaingia sebuleni kwa jirani, Aling Puring. "Inatosha, shangazi, usinipige! Tangu jana sijala!" Na kwikwi juu yake. Sasa Puring angefanyaje, jamani?

Mtu mwingine angetulia, afisa akija amweleze. Lola Basilia hakuweza. Mama yake Rhealyn yuko Taiwani anauguza wazee wa watu, na mtoto alimwachia bibi akiwa hajaanza hata kutembea. Basi bibi akafagia mpaka chini ya mtungi wa gesi. Akaenda kuazima mashuka ya maua na trei ya mayai kwa Puring huyo huyo, naye Puring akatoa haraka haraka huku akiangalia pembeni. Kisha akamkalisha mjukuu: mgeni akikuuliza, sema unapendwa, unakula samaki na nyama, hujawahi hata kufinywa.

Hapo ndipo alipoharibu.

Afisa aliitwa Divina, mwanamke mnene mwenye mwavuli na faili, miaka kumi na saba kazini. Alielezwa habari za mashindano, akaitikia kwa adabu, akasema kila nyumba anayoingia haikosi maelezo. Lazima azungumze na mtoto peke yake. Bibi akapelekwa jikoni, na huko akabandika sikio kwenye mbao.

Rhealyn alisimama katikati ya chumba, mkono kifuani. "Lola wangu ni nuru ya maisha yangu," akaanza, machozi yakimlengalenga. "Mkono wake haujawahi kuniinukia!" Kisha akapiga goti. Kule jikoni Lola Basilia alifumba macho. Hata yeye asingemwamini.

Divina akamuuliza nani kamfundisha maneno hayo mazuri.

"Lola, ma'am. Tumefanya mazoezi kabla hujaja."

Kalamu ikakimbia kwenye karatasi. Bibi alishika ukingo wa sinki. Huko watakakompeleka, nani atajua kwamba mtoto huyu halali mpaka asuguliwe nyayo?

Divina akafunga faili. Akamwambia mtoto akae, amefanya vizuri, yamekwisha. "Sasa niambie, mwanangu. Humu ndani kuna kitu gani kinakuudhi?"

Rhealyn akajibu kwa sauti yake ya kila siku, ile ya puani. "Ampalaya."

Na bomba likafunguka. Ile mboga chungu anapikiwa mara nne kwa wiki, eti inaongeza damu. Akichanwa chawa kichwa kinawaka moto. Haruhusiwi televisheni kabla ya hesabu, na bibi mwenyewe anaangalia tamthilia tatu mfululizo. Bibi anakoroma. Bibi anamfuata shuleni na mwavuli hata kama hakuna mvua, wenzake wanamcheka. "Nimechoka naye, ma'am. Mwambie wewe, mimi hanisikii."

Bibi alivumilia mpaka kwenye mwavuli, kisha akatoka jikoni. "Ampalaya naacha," alisema. "Andika hivyo. Naomba usinichukulie mtoto."

Divina alimtazama mtoto mikono na miguu, akafunua sufuria ya wali, akapapasa mahali wanapolala. Ndipo akatia sahihi. "Lola, wanaonitisha ni wale wasiokuwa na lalamiko hata moja," alisema. "Huyu kakusema waziwazi, na anajua uko nyuma ya mbao. Nitapita tena wiki ijayo, ndiyo sheria. Mtoto anabaki."

Rhealyn aliwatazama mmoja mmoja. "Nilikuwa nachukuliwa?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Akalishika gauni la bibi yake kwa mikono miwili, akafungua mdomo, na safari hii haikutoka sauti yoyote. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika.

Lola Basilia akamkumbatia kichwa. "Wakupeleke wapi?" akamwambia, naye analia. "Nani mwingine atauvumilia mdomo huo?"