Mota Mapajani

... tena, anasema, safisha tena, na mimi nimeshasafisha mpaka pete ya shaba kwenye kichwa cha amecha, ule mhimili unaozunguka ndani ya mota, imerudia rangi yake ya siku ya kwanza, nikiinamisha kidogo naliona dirisha zima ndani yake, dogo kama punje ya mchele, lakini baba akisema tena basi ni tena, nakunja msasa upande ambao haujachakaa na kuuzungusha polepole, mota imelala mapajani mwangu na weusi wake umeshapita kitambaa mpaka kwenye sketi, sketi ya shule, siku hizi ndiyo nguo yangu ya kazi, haikupata kazi nyingine... "Huyo binti hajamaliza tu?" hiyo ni sauti ya mjomba nje, kaka yake mama, amekuja asubuhi na lori kulivuta trela letu, nyumba yetu ya magurudumu, alipeleke uani kwake, na lori limeshageuzwa, mnyororo umeshafungwa, kila kitu tayari isipokuwa chumba changu, kile kinachotoka ubavuni mwa trela kwa kusukumwa na mafuta ya pampu, kimetoka na kimegoma kurudi, na trela lenye chumba nje haliendi barabarani, lingezoa nguzo zote za umeme... ameleta grainda, mjomba, ameiweka kwenye ngazi palepale ninapoiona, mota ya pampu isipofufuka anakata chumba chote na kuziba tundu kwa bati, alisema hivyo huku anapuliza chai, kama mtu anayesema atapunguza kucha, na mama akamwambia, "Ngoja kwanza mtoto ajaribu," na yeye, "Mtoto? Afufue mota?" na mama, "Si peke yake, baba yake yupo," hapo mjomba akamtazama baba, akashusha sauti, lakini trela ni trela, kila neno linafika, "Shemeji hayupo, dada yangu. Amekaa tu."

Amekaa, ni kweli, kwenye kiti cha kukunja mbele ya kabati la pampu, mkono wa kulia juu ya paja pale mama alipouweka, wa kushoto unacheza na kifungo cha shati, tangu kiharusi maneno yamemkimbia, maji, hapana, joto, basi, siku nzima imejaa hayo, lakini asubuhi nilipolala chali na kuingiza kichwa kabatini kufungua mota, nikasikia nyuma yangu "amecha", zima, halikukatika, nikaogopa kugeuka lisije likarudi lilikotoka, halafu "makaa", halafu "springi, taratibu, itaruka", yakatoka moja baada ya jingine kama watu waliokuwa wamejificha mvua, na tangu hapo namuuliza hata ninayoyajua, baba, nati hii inafunguka kulia au kushoto, baba, waya mwekundu ni chanya, eti... Zamani hakuwa mtu wa kuulizwa, alikuwa mtu wa kuzimwa, akianza kueleza kitu hamalizi, mama alikuwa akisema baba yako ukimkuta na redio ya watu iliyokufa, mfiche redio au ujifiche wewe, alichimba visima, tulikuwa tunafuata mtambo wake kutoka mji mpaka mji, na kila tulipofika alikuwa anapanga vipande vya mbao chini ya magurudumu, anapima kwa bakuli la maji mezani kama trela limelala sawa, kisha ananiita, "Fundi, tupanue nyumba," nami nilikuwa sijafika kitufe, ananibeba, pampu inaunguruma, na ukuta wa chumba changu unaondoka polepole na kitanda changu na dirisha langu, unakwenda kukaa juu ya nyasi za watu tusiowajua, mama na birika mkononi anapiga kelele, "Viti! Hamjaondoa viti!" maana kiti kimoja kiliwahi kubanwa kikawa bapa, na chumba kikifika mwisho sauti ya pampu ilikuwa inashuka, inakuwa nzito, inalalamika kwa ndani, na baba anasema usiachie kwanza, bado haijasema asante, kwa hiyo tunashikilia kidole, tunangoja ule mlio mnene wa mwisho, hiyo ndiyo ilikuwa asante yetu, hata wageni walikuwa wanasikilizishwa, mama akifungua yeye anasema mmesikia, mimi pia nimeshukuriwa... na leo nimeifungua nikaona asante ilikuwa nini, ilikuwa mota imefika ukutani na haina pa kwenda, inaungua, kipande kimoja cha makaa, yale yanayoipelekea amecha umeme, kimelika mpaka kimebaki wembamba wa ukucha, springi yake imekuwa ya bluu kwa moto, kumbe kila kituo tulikuwa tunaipika huku tunacheka, nikampa baba kile kipande, akakigeuzageuza kwenye kiganja cha kushoto muda mrefu sana, halafu nusu ya mdomo wake ikacheka, akasema, "Asante," na mimi nikacheka mpaka nikajigonga kichwa kwenye bomba.

Makaa mapya hatuna, nimetoa ya kwenye stata ya gari bovu la jirani, yalikuwa manene, baba akasema sugua, nikayasugua juu ya msasa, pima, sugua, pima, mpaka yakateleza kwenye nyumba zao yenyewe, vumbi lake jeusi limeingia mpaka puani, nikikohoa nakohoa penseli, na penseli inanirudisha darasani, siku mwalimu wa fizikia alipochora ubaoni silinda mbili, ndogo na kubwa, akasema mafuta ukiyabana huku yanainua mzigo kule, nani amewahi kuona kitu kama hicho, nikanyoosha mkono nikasema mwalimu, mimi nalala juu yake, darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye, lakini baadaye akaniita nimweleze vizuri na nikamchorea, ilikuwa muhula wangu wa mwisho ingawa sikujua, maana baba aliangukia kazini na akahitajika mtu wa kumgeuza na kumlisha wakati mama yuko kwenye cherehani, na mtu mwenyewe alikuwa mimi, sisemi kwa uchungu, nakumbuka tu chaki ilivyokuwa nyepesi... "Nikisukuma kwa bampa ya lori je?" mjomba amechungulia mlangoni, jasho linamtoka, "Polepole tu, shemeji, kinaingia chenyewe," na baba bila kugeuka, "Mafuta hayasukumwi," na mjomba, "Haya, mhandisi kasema," anacheka, si mtu mbaya mjomba, amekodi lori kwa ajili yetu, ametupa chumba cha saruji karibu na hospitali ya mazoezi ya baba, lakini uani kwake kuta zimebanana, trela litaingia kwa shida, chumba changu kikishafungwa hakina nafasi ya kufunguka tena, kisipofungwa kinakatwa, kwa hiyo vyovyote vile leo ndiyo mwisho wa dirisha kukaa juu ya nyasi, ila mimi nataka kifungwe, kifungwe kizima, kikae mle ndani gizani na kitanda chake, kisikatwe na grainda kama mabati ya banda la kuku...

"Safisha tena," anasema baba, na mjomba anamwambia mama, anadhani ananong'ona, "Umesikia? Hilohilo tangu asubuhi. Mtoto anasafisha kitu kimoja mpaka kitaisha. Kasahau, dada," na mama yuko chumbani kwangu anatoa matandiko, sakafu lazima iwe tupu, namsikia anakung'uta shuka langu kana kwamba lina mchanga, na mjomba ana haki ya kuuliza, pete inang'aa, hakuna mtu anayejua kazi angesema isafishwe tena, na kama amesahau hili, basi yale maneno ya asubuhi yalikuwa yanapita tu, yanaaga... afadhali nifunge, nafunga, amecha ndani, makaa yamekaa, kifuniko, skrubu, skrubu, mjomba ameenda kugonga magurudumu ya lori, nagusisha nyaya kwenye betri, kugusa tu, na mota inaruka mikononi mwangu, inalia, mlio mwembamba safi, haikwaruzi popote, nazitoa nyaya haraka kama nimeiba kitu, na nje nyundo ya mjomba inaendelea, hakusikia, imepona, chumba hakikatwi, nilipaswa kupiga kelele, mama, imepona, mdomo uko wazi kabisa na kelele haiji, kwa sababu nikisema sasa, pampu inaunguruma na ukuta unakuja na tunapanda lori, na kule kwa mjomba kutakuwa na kiti na redio nzima isiyohitaji kufunguliwa, nani atamuuliza baba waya upi ni chanya... "Baba, nifanye nini sasa?" namuuliza, na baba anatazama dirishani, anasema, "Fungua. Safisha tena."

Na hapo ndipo ninapomtazama, si mkono, si mdomo ulioinama, yeye, baba ambaye alikuwa anaweka sikio kwenye bomba la kuchimbia na kusema jiwe limeisha, chini kuna unyevu, kabla mtambo haujatoa hata tope, mwenye masikio hayo amekaa hapa, magoti yetu yanakaribia kugusana, na mota imelia... mota ilipolia kidole chake cha kushoto kiliacha kifungo cha shati, niliona, niliona na sikuona, amesikia, anajua imepona, alijua hata kabla, alijua pete ni safi asubuhi yote... "Vipi huko, niwashe hii au?" mjomba amesimama mlangoni, grainda mkononi, na baba ananiwahi, maneno yanatoka kwa foleni, mengi kuliko siku zote tangu augue, "Bado. Ni chafu. Mwache, atamaliza," anayasema yote anatazama nje, na hajawahi kumdanganya mtu kuhusu mota, hata mteja aliyemchukia, masikio yake yamekuwa mekundu kama ya mtoto, na nyuma yake chumba changu kimejaa jua, kitanda kitupu, mama katikati yake amekumbatia mto, alikuwa karibu na betri kuliko mjomba, lazima ameisikia mota, naye ananitazama, anakaa taratibu ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyefika sasa hivi... "Ndiyo, mjomba," nasema, "huku ndani bado kuna weusi kidogo," nashika bisibisi, nalegeza skrubu ya kwanza, na baba anasema, "Kushoto, fundi," na mimi nasema ndiyo, baba, kushoto.