Mashine Iliyofuata Muhtasari

Mama mtunza maabara aliijenga mashine kwa wiki mbili. Mwalimu wa fizikia akaiharibu kwa dakika kumi, tena akiwa amekaa.

Wanafunzi walimbandika mwalimu huyo jina la Bwana Nukuu, maana kwa miaka kumi na miwili aliwasomea daftari lilelile nao wakiandika. Hata kikohozi chake kilikuwa na mahali pake kwenye ukurasa. Maabara hakuingia ila akitafuta kiti. Sasa mkuu wa shule alikitamani chumba kile kiwe ofisi yake, na wakaguzi wangekuja Alhamisi kuamua kama kina kazi. Kikienda, hakuna mtoto atakayeshika hata sumaku shuleni pale.

Mashine ya mama yule, aliyoijenga iwaonyeshe wakaguzi kazi ya maabara, ilikuwa nyepesi kueleweka. Gololi inateremka ubaoni, inagonga wenzo, wenzo unaachia ndoo ya mchanga. Ndoo inashuka kwenye kapi ikivuta uzi, na dhumna zinaangushana mpaka ya mwisho inabonyeza kengele.

"Mpangilio si sahihi," alisema Bwana Nukuu. "Kwenye muhtasari, mada ya kwanza ni msuguano. Uvutano ni ya tano. Wewe umeanzia ya tano!"

"Mwalimu, gololi isipoteremka itakwenda na nini?"

"Itakwenda na muhtasari. Mama, mambo ya elimu tuachie wenyewe."

Mkuu wa shule akaitikia kwa kichwa, kichwa ambacho hakikuwa na kazi nyingine. Mwenye nguvu mpishe. Mama akafungua skrubu, akapanga upya. Gololi ikawekwa juu ya msasa, kwenye meza tambarare, ingoje uvutano uliopangiwa muhula wa pili.

Alhamisi wakaja wakaguzi watatu.

"Msuguano!" akatangaza Bwana Nukuu.

Gololi ikatulia tuli. Mle ndani ni yenyewe tu iliyokuwa ikisema kweli. Akaisukuma kwa kidole. "Wenzo!" Kidole. "Kapi!" Vidole viwili. Akaenda hivyo mada kwa mada, jasho likimtoka, hadi kengele ikalia kwa kubonyezwa naye mwenyewe. Wakaguzi wakapiga makofi.

Mkubwa wao akamgeukia mtunza maabara. "Mama, mashine hii inajiendesha yenyewe?"

Neno "kidole" lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akamwona mkuu wa shule akipima dirisha kwa macho, pengine akichagua mapazia.

"Yenyewe, mheshimiwa," akasema. "Mwanzo hadi mwisho."

Chumba kikaokoka. Ripoti iliisifu mashine mno, hata ikaagiza ifunikwe kwa kioo na maabara ifungwe kufuli, wanafunzi wasije wakaichokonoa. Wangeitazama kupitia dirishani, huku Bwana Nukuu akiwasomea.

Mama alikuwa amewadharau wale wawili, mwalimu na mkuu wa shule, kwa miaka mingi, na walistahili. Siku aliyotumwa kwenda kuifunga milango ya maabara, akajiongeza na yeye kwenye dharau hiyo, wakawa watatu.